Kabla Mlezi Hajabisha Hodi

Tangazo la ukaazi wa wasanii Ulaya likitoka, yaani nafasi ya kuishi na kufanya kazi kwenye studio ya taasisi kwa wiki au miezi kadhaa, macho ya wengi hukimbilia picha ya studio: dirisha refu la kaskazini, sakafu ya mbao, ukuta mweupe usio na msumari. Waliokwisha kukaa huko hawalizungumzii dirisha. Wanazungumzia mchana mmoja ambapo mtu aliingia, akakaa kimya dakika saba mbele ya mchoro, kisha akauliza swali moja lililowakosesha usingizi. Kwenye ukaazi wenye ulezi, chumba ni cha kawaida, unaweza kukodi popote. Kilicho adimu ni saa za mlezi, yule msanii mzoefu anayekuja kuitazama kazi yako. Programu ya wiki nane inayojisifu kwa "ulezi wa karibu" mara nyingi inakupa mikutano minne hadi sita, kila mmoja wa saa moja. Saa sita katika siku 56. Msanii chipukizi anaweza kuzimaliza zote kwa kujitambulisha.

Neno "mlezi" lenyewe lina utata. Karakana zetu zina fundi na mwanafunzi wake, na pwani ina kungwi na somo. Mlezi wa ukaazi si fundi. Hatakufundisha kuchanganya rangi wala kuunga mbao. Yuko karibu zaidi na somo, yule anayemfunda mwari kabla ya ndoa: anakaa nawe faragha, anakwambia ambalo hadharani haliambiwi, kisha anaondoka na ndoa inabaki yako.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Akademia ya Ufaransa huko Roma ilianzishwa 1666, enzi za Louis XIV, na kwa karne nyingi vijana walioshinda Prix de Rome walikwenda kunakili kazi za kale na kutuma zao Paris zikakaguliwe. Zawadi hiyo ilifutwa 1968, ingawa Villa Medici, jumba la akademia hiyo, bado inapokea wasanii. Uholanzi walifuata njia nyingine. De Ateliers ilianzishwa na wasanii mwaka 1963 mjini Haarlem, bila madarasa, wasanii wakubwa wakija kukaa na kijana studio mmoja mmoja. Marlene Dumas alitoka Afrika Kusini 1976 akaingia hapo. Mwaka 1993 ilihamia Amsterdam, kwenye jengo la zamani la Rijksakademie, taasisi nyingine ya ukaazi ya jijini humo. Rijksakademie nayo inakaa kwenye kambi ya zamani ya askari wa farasi, na washauri wake huzunguka studio kwa studio. Brussels kuna WIELS, kiwanda cha bia cha zamani kilichofunguliwa kama kituo cha sanaa 2007, chenye studio na walezi. Majengo ni tofauti, lakini mtindo wa Haarlem ndio ulioenea, na mtu anayeomba nafasi leo aombe akiujua huo: hakuna mtaala, hakuna mtihani, kuna mazungumzo tu.

Neno "wa Ulaya" kwenye mwito, yaani tangazo la kuomba nafasi, wengi wetu tunalisoma vibaya. Kijana aliyezaliwa Bukavu, akasoma sanaa Ubelgiji na kuishi huko kwa kibali halali, hujitoa mwenyewe akidhani wanamtafuta mwenye pasipoti ya Ulaya, ile ya rangi ya damu ya mzee. Rudi kwenye mwito utafute kama umeandika uraia au makazi, maana hayo ni mambo mawili. Culture Moves Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugharamia safari za wasanii, ulioanza 2022 chini ya usimamizi wa Goethe-Institut ya Ujerumani, unaangalia unaishi wapi kihalali, haujali ulizaliwa wapi. Orodha ya nchi zake ni ile ya Creative Europe, mpango mkuu wa Umoja huo wa kufadhili utamaduni, ambayo ina Norway, Serbia, Georgia na hata Tunisia, Uingereza haimo. Nalo neno "chipukizi" si umri kila mara. Wapo wanaokata kwenye miaka 35, wapo wanaohesabu miaka tangu umalize chuo, na wapo wanaouliza tu kama umewahi kufanya maonyesho ya peke yako kwenye taasisi kubwa. Aliyejifunza bila chuo asikisie. Aandike barua pepe ya sentensi mbili aulize, tena mapema.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata walioishi Ulaya miaka kumi. Kibali cha kuishi nchi moja ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kinakuruhusu kukaa nchi nyingine za Schengen siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Ukaazi wa miezi minne Italia, ukiwa na kibali cha Ubelgiji, unahitaji utaratibu wa Italia yenyewe, na utaratibu huo hauishi kwa wiki mbili. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza: ada ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Barua ya mwaliko ndiyo inayoangusha wengi. Iandikwe tarehe ya kuingia na kutoka, anwani ya malazi, nani analipia nini, na posho ni kiasi gani. Barua inayosema tu "tunafurahi kumkaribisha msanii wetu" haimsaidii afisa wa ubalozi hata kidogo.

Sasa fomu. Sehemu ya mradi huwa kama herufi 2,000 pamoja na nafasi, yaani maneno mia tatu hivi ya Kiingereza, na humo ndimo watu wengi wanapozama. Wanaandika kwamba wanachunguza utambulisho, kumbukumbu na uhamaji. Jopo linalochagua limeyasoma maneno hayo matatu mara mia tangu asubuhi. Tena hayampi mlezi pa kushika. Linganisha na hili: "Nina michoro 14 ya mkaa ya ngazi za majengo ya ghorofa. Kila nikiongeza rangi, mwanga unakufa. Sijui kama kosa ni rangi au ni ukubwa wa karatasi." Mtu akisoma hapo tayari ana la kusema, na anataka kuiona karatasi. Kwenye ukaazi wenye ulezi jopo linatafuta tatizo linaloweza kusaidiwa na mtu wa pili. Anayejionyesha kuwa ameshakamilika huonekana hamhitaji mlezi, na kwa kweli hamhitaji.

Kama mwito unataja mlezi kwa jina, utaulizwa kwa nini yeye. Usimsifie. Taja uamuzi mmoja alioufanya kwenye kazi yake ambao wewe bado unakushinda. Wala usidhani lazima afanye unachofanya wewe. Sammy Baloji wa Lubumbashi, ambaye kazi zake zinachimba picha za kale za migodi ya Katanga, mwaka 2014 aliunganishwa na Olafur Eliasson, mtu wa ukungu, maji na mwanga, kupitia mpango wa ulezi wa Rolex, kampuni ya saa ya Uswisi, ulioanza 2002. Miaka kumi nyuma, mpango huohuo ulimkutanisha mchoraji wa Leipzig, Matthias Weischer, na David Hockney. Mlezi anayefanya kazi kama yako atakuonyesha njia yake ya mkato. Anayefanya kitu kingine atakuuliza mambo uliyoacha kujiuliza.

Jalada la kazi halina siri kubwa, lakini linatupwa kwa upuuzi. Kazi 10 hadi 12, za miaka miwili ya karibuni kwanza, ukurasa mmoja picha moja, A4 iliyolala. Chini ya picha: jina, mwaka, malighafi, vipimo kwa sentimita, urefu kwanza, kisha upana, kisha kina. Picha za pikseli 2,000 upande mrefu zinatosha, na faili zima likae chini ya MB 10.

Picha zenyewe ndizo za kukaa nazo siku nzima. Kosa la kwanza ni kusimama karibu na mchoro na simu mkononi: lenzi pana hupinda kingo, mchoro unavimba katikati kama pipa. Rudi nyuma mita mbili au tatu, uvute mara mbili, simu iwe kwenye tripodi, kitovu cha lenzi kikiwa sawasawa na kitovu cha mchoro. Pima kwa futi kutoka sakafuni, jicho hudanganya. Taa mbili za aina moja, moja kila upande, nyuzi 45 kutoka ukutani. Halafu zima taa ya dari na ufunge pazia. Mwanga wa dirisha ukichanganyika na balbu ya njano, nyeupe yako inakuwa buluu kushoto na njano kulia, na hapo hakuna programu itakayoinyoosha pande zote mbili kwa pamoja. Kwenye picha ya kwanza shikilia kadi ya kijivu mbele ya mchoro, ndiyo utakayosawazishia rangi za picha zote zinazofuata. Rangi ya mafuta iking'aa, sogeza taa pembeni zaidi, usipunguze mwanga. Na upige picha moja yenye mtu au kiti kando ya kazi, kwa sababu "sentimita 180 kwa 140" ni namba tu mpaka kiti kionekane kidogo.

Wa video: kipande cha dakika tatu, kiungo chenye nywila, na nywila isibadilishwe mpaka majibu yatoke. Kijaribu kwenye kompyuta ambayo hujaingia na akaunti yako. Jopo likikuta "huna ruhusa", haliandiki kuuliza.

Saa ya mwisho ya kutuma maombi pia imewaponza wengi waliokuwa likizo nyumbani. Saa 23:59 ya Berlin wakati wa kiangazi ni saa saba kasoro dakika moja usiku Nairobi. Wakati wa baridi ni saa nane kasoro dakika moja. Muda unaozidi usiutegemee. Tuma siku mbili kabla, maana saa tatu za mwisho ukurasa wa kupakia hulemewa, na faili la MB 9 linakwama kwenye asilimia 80.

Fedha zihesabiwe kabla ya furaha. Awamu ya kwanza ya Culture Moves Europe ililipa euro 75 kwa siku kwa mtu mmoja, kati ya siku 7 na 60, pamoja na nauli ya mkupuo. Siku 60 ni euro 4,500. Hiyo ni hela nzuri mahali ambapo chumba ni bure, na ni hela ya mawazo Amsterdam ukikodi mwenyewe. Uliza mambo manne kwa maandishi: malazi yako ndani ya posho au nje, posho inakatwa kodi au la, malighafi ni za nani, na sehemu gani ya fedha inashikiliwa mpaka utoe ripoti. Halafu uliza la tano, ambalo watu huona haya kuliuliza: mlezi analipwa? Mlezi asiyelipwa hughairi. Si kwa ubaya, ni kwamba kazi inayolipa ikibisha hodi, ya bure husubiri. Kuhusu programu zinazokutoza wewe ada ya kuishi na kulelewa, maoni yetu ni makali: nyingi ni nyumba za kulala wageni zenye easeli. Zipo chache za haki, nazo huzitambui kwa picha. Zitambue kwa kuwauliza wasanii wawili waliopita, ambao majina yao taasisi haiogopi kukupa.

Umepata nafasi. Mkutano wa kwanza ni wiki ya kwanza, na ndio unaoharibika zaidi. Huwa hivi: saa nne asubuhi mlezi anabisha. Ukutani kuna kazi kumi na moja, kompyuta iko wazi, msanii amekariri maelezo. Anasema dakika arobaini mfululizo, kutoka chuo hadi juzi. Mlezi anaitikia kwa kichwa, anatazama saa, anasema mawili matatu ya upole, anaondoka. Kwenye zile saa sita, moja imekwenda na hakuna kilichotokea.

Panga chumba upya. Toa kazi zote, rudisha tatu: moja unayoiamini, moja iliyokukwama, na kitu kimoja kidogo ambacho hujui hata kama ni kazi. Viti viwili vielekee ukuta, visielekeane, ili macho yaende kwenye kazi na si kwenye nyuso. Sema dakika mbili, sema kilichokwama, kisha nyamaza. Kimya kitauma. Dakika ya tatu utatamani kueleza kwa nini ile buluu ipo pale, usieleze. Mlezi akiwa kimya yuko kazini. Akimaliza, usimuulize "unaonaje?", kwa sababu swali hilo linajibiwa kwa adabu tu. Muulize jicho lake limeanzia wapi na likakwama wapi. Muulize ni nini kingeondolewa bila kazi kuanguka. Maswali ya namna hiyo hayana jibu la adabu.

Hapa malezi yetu hutuponza kidogo. Mtoto aliyekuzwa kwa shikamoo hujua kwamba mkubwa akinena unaitikia. Basi mlezi anasema hiki, msanii "ndiyo". Anasema kile, "ndiyo kabisa". Mlezi wa Ghent au Leipzig hasikii heshima hapo. Anasikia makubaliano, na mkutano ujao anauliza kwa nini hayakufanyika. "Hapo sikubaliani, kwa sababu hii" si utovu wa adabu kwenye chumba kile. Mara nyingi ndipo mazungumzo yanapoanza.

Akishatoka, usiguse brashi. Kaa uandike ukurasa mmoja wenye safu mbili: kushoto alichokiona, kulia alichoshauri. Safu ya kushoto ni dhahabu. Ya kulia ni maoni ya mtu mwenye njaa zake. Wiki ya tatu atakuja mlezi wa pili aseme kinyume: wa kwanza alitaka mchoro ukue uzibe ukuta, huyu anataka uwe wa kiganja. Kijana anachanganyikiwa, na wengine humchagua mwenye jina kubwa. Tazama safu ya kushoto. Wote wawili wamekwenda kwenye ukubwa. Dawa zimetofautiana lakini mkono umebonyeza palepale panapouma, basi siku inayofuata unachora picha ileile kwa vipimo vitatu na kuacha ukuta useme.

Ratiba ya mikutano ifungwe na ratiba ya malighafi, na hili wanaokaa mara ya kwanza hawalioni mpaka wamechelewa. Udongo wa mfinyanzi unahitaji wiki moja hadi mbili kukauka, zaidi hali ya hewa ikiwa ya baridi na unyevu, kisha moto wa kwanza wa karibu nyuzi 1,000, kisha wa rangi juu zaidi, na tanuri ina foleni. Kwenye ukaazi wa wiki nane, kazi ya udongo mbichi ikipita wiki ya tano, mlezi hataiona imeiva. Ukiliharakisha jiko na unyevu umo ndani, mvuke hupasua kazi, yako na ya jirani aliyekuwa rafu ya chini. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene haikauki kwa miezi. Anayeondoka kwa treni apake nyembamba au ahamie akriliki. Akriliki nayo haipendi chumba chenye baridi: chini ya nyuzi 10 hivi utando wake haushikani vizuri, hupasuka baadaye. Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe pembeni, yanaweza kujiwasha yenyewe. Ndoo ya chuma yenye kifuniko, maji ndani. Na kumbuka kuwa Ujerumani maduka hufungwa Jumapili, na Italia katikati ya Agosti hata muuza skrubu ameenda baharini.

Mlezi akighairi mara mbili, usinung'unike korido. Mwandikie mratibu siku hiyohiyo, utaje idadi ya saa zilizoandikwa kwenye mkataba. Ndiyo maana mkataba uandike saa, na uandike kama ni ana kwa ana, na nani atachukua nafasi yake. Mikutano ifanyike studio au mahali pa wazi, mchana. Mlezi anayetaka kuonana hotelini usiku apewe jibu fupi, na mratibu aambiwe. Lingine la kulichunga ni pole zaidi: ukijikuta umenunua rangi anayotumia yeye na unasimama kama yeye, pumzika wiki nzima bila kumwona.

Mkutano wa mwisho uwekwe siku kumi kabla ya kuondoka. Siku ya mwisho studio ni maboksi, putty ya kuziba matundu ya misumari na mtu anayetafuta funguo. Turubai likikunjwa, upande wenye rangi uwe nje, juu ya bomba la kipenyo cha sentimita 15 au zaidi. Ukikunja rangi kwa ndani inajibana na kupasuka. Mlezi akiwa bado yupo, muulize maswali ya kazi. Ya kutambulishwa kwa wenye nyumba za sanaa yasubiri, hasa kama hajayataja yeye.

Halafu, baada ya miezi mitatu au minne, mwandikie. Picha moja ya ulichokifanya tangu hapo, swali moja, mistari mitano. Barua ya namna hiyo hujibiwa, wakati mwingine usiku huohuo. Yenye viambatisho vinane na ombi la barua ya mapendekezo kwa ajili ya keshokutwa hubaki kisandukuni mpaka ioteshe kutu.